Nguo Yako Iko Tayari

Akinyi mwanangu,

Umeenda kusukwa, na kwa wingi wa nywele ulizorithi kwa shangazi zako, najua hutarudi kabla ya saa kumi na mbili. Kwa hivyo nina mchana mzima wa kuandika bila wewe kuchungulia begani kwangu na kunisahihisha. Baba yako amepita hapa mara mbili kuuliza kama naandika barua au wosia. Nimemwambia arudi akachomelee mageti yake.

Kesho unaenda Kisumu. Nimeshasikia utani wote wa majirani wa ploti yetu, kwamba ulizaliwa Kisumu Ndogo kule Kibera, ukalelewa hapa Kabiro, Kawangware, na sasa unaenda kuona kama Kisumu yenyewe ni kubwa kweli. Mimi sitakuandikia habari ya kula vizuri wala ya kuchagua marafiki. Una miaka ishirini na tatu, na hospitali iliyokuajiri imekuajiri kwa sababu unajua kutengeneza programu. Nataka kukuandikia juu ya komenti za programu. Usicheke. Kuna komenti moja ambayo sikuiandika, na kuna jambo nililolisema mbele ya Sista Konsolata miaka minne iliyopita ambalo halikuwa kweli. Wewe unajua halikuwa kweli. Umenyamaza nalo tangu siku hiyo, na sitaki upande basi kesho ukiwa bado umelibeba.

Wacha nianze mbali kidogo, maana nikianza karibu nitaogopa.

Unajua nilikuwa fundi wa nguo kabla ya kuwa mtu wa kompyuta. Tulikuwa mafundi watatu kwenye chumba kimoja pale Kisumu Ndogo, na kazi tulipokezana: mmoja anakata, mwingine anashona, wa tatu anapiga pasi. Tulikuwa na mteja mmoja, mzee wa kwaya, ambaye mguu wake wa kulia ulikuwa mfupi kidogo. Nilimkatia suruali kwa vipimo vyake kabisa, nikaiacha mezani, nikaenda kununua uzi. Kumbe mwenzangu akaona miguu ya suruali haitoshani, akanihurumia, akaisawazisha. Mzee alikuja Jumamosi, akaivaa, akatembea mpaka mlangoni na kurudi, akatuuliza, "Mnanicheka ama?"

Tangu siku hiyo, kila nilipokata kitu cha ajabu nilikibandikia karatasi kwa pini. "Mguu wa kulia mfupi kwa makusudi. Usisawazishe. Mwenyewe anachechemea na hapendi kuulizwa." Sikuwahi kubandika karatasi ya kusema hii ni suruali. Kila mtu aliona ni suruali.

Nakwambia hii ili ujue kwamba nilijua. Hicho ndicho kinaniuma. Kama ningekuwa sijui, leo ningekuwa nimepika chapati za safari badala ya kuandika.

Halafu nikaingia lile darasa la kompyuta la jioni kwenye ukumbi wa kanisa, mama mzima kati ya vijana, wewe ukiwa kwenye benchi la nyuma na vitabu vyako vya shule. Mwalimu wetu, ambaye angeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho, alituambia kwamba komenti ni ile mistari ambayo kompyuta inairuka bila kuisoma. Imewekwa kwa ajili ya binadamu atakayekuja baadaye. Mimi nikashika kwamba mtu mwenye bidii huandika komenti, basi nikaandika. Mama yangu, niliandika! "Hapa tunaongeza moja." "Hapa tunafungua orodha ya wateja." "Hapa tunafunga orodha ya wateja." Na juu kabisa ya programu yangu ya kwanza niliandika ombi fupi, kwamba Mungu aisaidie ifanye kazi, kwa sababu sikuwa na hakika. Mwalimu alisoma zote, akasema hilo ombi ndilo pekee lililomwambia kitu ambacho hakuwa amejionea mwenyewe. Nilidhani ananitania. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba alikuwa ananifundisha, na namshukuru mpaka leo popote alipo.

Programu hiyo ya kwanza unaikumbuka, ilikuwa ya kazi yangu ya kushona. Nguo ikiisha, mteja anapata meseji: "Nguo yako iko tayari, njoo uchukue." Sista Konsolata, muuguzi mkuu wa ile kliniki ndogo ya Kisumu Ndogo, alikuwa mteja wangu. Alipoipata meseji hiyo alikuja mwenyewe, akachukua sare yake, akaniuliza kama naweza kumtengenezea kitu cha kuwakumbusha wagonjwa siku zao za dawa. Hakuniuliza nimesoma wapi. Aliniamini hivyo tu, na kutoka siku hiyo maisha yetu yalibadilika. Ndiyo maana tulipohamia huku Kabiro sikuiacha kazi ya kliniki.

Lakini unajua simu za kwetu. Simu ni ya mtu mmoja na inasomwa na watano. Kwa hivyo Sista alimuuliza kila mgonjwa, "Simu yako inasomwa na nani?" Wale waliosema inasomwa na shemeji, na jirani, na yeyote anayejua kusoma, tuliwawekea alama ya mbili kwenye orodha. Tukakaa nao mmoja mmoja, tukakubaliana kwamba wao hawataitwa kwa jina la ugonjwa wala dawa. Nikachukua sentensi kutoka kwa programu yangu ya kushona nikaiweka hapo. Alama ya mbili anapata, "Nguo yako iko tayari, njoo uchukue," naye anajua ni siku ya kliniki. Hakuna mtu anayeshangaa kuona mwanamke ameitwa na fundi.

Nilijiona mjanja sana. Na juu ya mstari huo wa nguo niliandika komenti gani? "Hapa tunatuma meseji." Basi. Mimi wa zile karatasi za pini. Niliona sababu yenyewe inajulikana, maana mimi naijua, Sista anaijua, wagonjwa wanaijua. Sikufikiria kwamba siku moja mtu mwingine atakaa mbele ya mistari hiyo peke yake.

Mtu huyo akawa wewe. Ulikuwa umefunga chuo, likizo ndefu, na nikakwambia uisafishe programu ya Sista kwa sababu nilikuwa nimeirundikia vitu. Ulikaa hapa hapa mezani. Mimi nilikuwa kwa cherehani namalizia kanzu za kwaya, mdomo umejaa pini.

Ukaniuliza, "Mum, hii meseji ya nguo iko kwa programu ya Sista ni ya nini? Ni ile ya zamani ya kushona ilibaki?"

Nikasema, "Mm."

Ukauliza tena. "So nitoe?"

Nikasema, "Toa tu."

Nakumbuka vizuri, Akinyi. Nimejaribu miaka minne kukumbuka vibaya na nimeshindwa. Uliuliza mara mbili. Sikugeuza kichwa hata mara moja.

Wiki iliyofuata wagonjwa wote walitumiwa meseji ya kawaida, pamoja na wale wa alama ya mbili. Wengi wao Mungu aliwafichia. Mama Beryl hakufichiwa. Alikuwa anauza omena, vile visamaki vya ziwani, karibu na kliniki na hakujua kusoma, kwa hivyo simu ikilia alimpa mwenzake wa kibanda cha pili amsomee, na yule mwenzake alikuwa na sauti ya mhubiri. Siku hiyo kulikuwa na wateja wamesimama. Akasoma yote kwa nguvu, kwamba Mama Beryl anakumbushwa leo ni siku ya dawa zake za TB. Hakuna aliyemtukana. Watu walikumbuka tu shughuli zao, mmoja mmoja. Kufikia mwisho wa wiki karai lake la omena lilikuwa linarudi nyumbani limejaa, na wiki iliyofuata akahama bila kuaga. Kliniki pia akaacha kuja. Wewe unajua mtu akiacha dawa hizo katikati ni hatari gani.

Sista alituita sote wawili ofisini. "Nani aliguza hii kitu?"

Nami nikasema, "Ni huyu msichana wangu, Sista. Alikuwa anasafisha. Hata hakuniuliza."

Ulinitazama mara moja tu. Halafu ukamgeukia Sista ukasema, "Pole Sista. Nilidhani imebaki tu. Sikuuliza." Uliuchukua uongo wangu ukausema kwa mdomo wako ili nisibaki nao peke yangu. Ulikuwa na miaka kumi na tisa. Mimi nilikuwa na arobaini na mbili, na nilisimama pale nikakuacha.

Kwa nini nilisema vile? Nimejiuliza sana. Pale kliniki walikuwa wameanza kuniita injinia. Walikuwa wananitania nusu, lakini ile nusu nyingine niliipenda mno. Niliogopa wakijua nimekosa hivyo wataona kumbe ni yule yule fundi wa nguo, amekaa tu mahali pasipo pake. Kwa hivyo niliokoa jina la injinia nikalitupa la mwanangu. Nina aibu kuliandika, na nimeliandika.

Tangu hapo ukawa mtu asiyefuta kitu. Baba yako hucheka ukija na mkebe mtupu wa hamira na kuuliza, "Mum, naweza tupa hii?" Mimi sijawahi kucheka. Kwenye programu ni vile vile, mistari iliyokufa zamani umeiacha imelala, kila mmoja na swali lako kando yake. Wewe unafikiri ni uangalifu. Mimi najua ni jeraha, na najua nani alikukata.

Sasa nikwambie ya wiki hii. Jumatano nilienda Kawangware 46, pale mwisho wa matatu, kumtafuta Mama Beryl. Nilijua alirudi kliniki baada ya kuruka wiki tatu, akaanzishiwa dawa upya, akamaliza, akapona, na nilidhani ni Sista aliyempata. Nilienda kumwambia ukweli na kumwomba ruhusa nikuandikie habari yake. Nilimkuta na kibanda kizuri, mabati mapya, na wateja wanangoja. Aliponiona akapangusa mikono.

"Mama Akinyi! Kwani leo ndio umekuja? Msichana wako alikuja kitambo."

Nikamuuliza msichana gani.

"Si huyo wako. Alinitafuta kwa hii vibanda yote ya omena, kutoka Kabiro mpaka hapa. Jumamosi ya tatu ndio alinipata. Watu walikuwa wamejaa. Mimi nikamwona nikasema, leo basi nimekwisha, huyu ataongea mambo ya dawa hapa tena. Unajua alisema nini?"

Sikujua. Nilikuwa nadhani Jumamosi hizo ulikuwa kwenye mazoezi ya kwaya.

"Alisema, 'Mama, nguo yako iko tayari.' Basi. Akasimama hapo na uso imeiva na aibu, anangoja. Mimi nikacheka mpaka nikalia. Nikafunga kibanda nikamfuata."

Mwanangu, miaka minne umenificha hilo. Nilisimama kwenye matope ya 46 nikalia mbele ya wateja wa watu. Nikamwambia kosa lilikuwa langu, kwamba uliniuliza na mimi nikasema toa.

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei anayoijua. "Huyo mtoto aliniambia ni yeye. Nikamwambia, haiwezi, hii maneno ya nguo tulipanga na mamako. Mamako alikuwa wapi? Akaniambia, 'Mum alikuwa na kazi mingi.'"

Kisha akanitazama kutoka juu mpaka chini. "Na wewe pia. Miezi yote hiyo mnaniambia nguo iko tayari, nguo iko tayari, na mimi sijaona hata kitambaa."

Nina futi ya kupimia kwenye mkoba siku zote, hilo unalijua. Nilimpima hapo hapo. Alhamisi na Ijumaa ulizosema cherehani inakupigia kelele, nilikuwa nashona gauni lake. Upande wa kushoto ni mpana kuliko wa kulia, kwa sababu ndiko anakoegemeza karai akibeba, na ndani nimebandika karatasi kwa pini ya kueleza, asije fundi mwingine akanihurumia. Ukishaondoka kesho nitamtumia meseji, na kwa mara ya kwanza itakuwa nguo kweli.

Ile ndoo ndogo ya plastiki kando ya begi lako imetoka kwake. Ni omena. Najua, unapeleka omena Kisumu, kwenye ziwa lenyewe, na watu wa stendi watakucheka mpaka wachoke. Ibebe. Ameniambia nikwambie hana kinyongo na wewe hata kidogo. Na mimi alikuwa nacho kidogo, lakini amesema kitaisha akipata gauni.

Huko uendako utakuta mistari ya ajabu iliyoandikwa na watu ambao wameshaondoka. Utauliza, maana wewe huuliza. Ukijibiwa na mtu aliyejaza pini mdomoni, inuka, nenda usimame mbele yake mpaka azitoe. Lakini ukishajibiwa, futa. Usikae na mikebe mitupu ya watu wengine. Na wewe ukiandika, usihangaike kumweleza anayekuja kile mstari unachofanya, atakiona. Mwandikie kile ambacho leo kila mtu chumbani anakijua, maana hicho ndicho huondoka na watu. Sina haja ya kukwambia, hata hivyo. Ni wewe uliyeona ile komenti yangu ya "meseji zinatoka saa mbili asubuhi" ikidanganya mwaka mzima baada ya sisi kubadilisha saa, ukaniita kwa upole kunionyesha. Na badala yake ukaandika hivi, nimeihifadhi: "Usitume kabla ya saa nne. Wengi wako sokoni asubuhi na simu imebaki nyumbani kwa mtu mwingine." Niliisoma nikasikia fahari ambayo sikuwa na haki nayo. Umejifunza vizuri kwa mwalimu mbaya, Akinyi. Asante. Asante kwa Jumamosi tatu, na kwa siku ile ofisini, na kwa kunipikia chai jioni ile ile kana kwamba sikuwa nimekufanya kitu.

Jana nilimwambia Sista. Alipanga kalamu zake, akasema, "Basi iandike mahali itakaa."

Kwa hivyo leo asubuhi kabla hujaamka nimefungua programu yake, nimerudi kwenye mstari wa nguo, ule tuliourudisha baada ya siku ile ofisini, nikaondoa ile "Hapa tunatuma meseji," na nikaandika hivi:

"Wagonjwa wa alama ya mbili simu zao zinasomwa na watu wengine, na wamechagua wenyewe kuitwa kwa maneno ya nguo. Haya si mabaki ya programu ya kushona. Usiyatoe kabla ya kumuuliza Sista na mgonjwa mwenyewe. Yaliwahi kutolewa, na mtu mmoja akapoteza wateja wake wote na karibu apoteze maisha. Akinyi aliuliza kwanza, mara mbili. Mama yake ndiye aliyesema toa."

Sijaipitisha. Tangu mwaka ule sheria yetu ni kwamba anayeandika hapitishi, mwingine lazima asome, kwa hivyo inakungoja wewe. Ifungue ukiwa kwenye basi.

Nakujua, na najua utakachotaka kufanya. Utazifikia sentensi mbili za mwisho, utasema hizi hazihusu programu, na kidole kitaenda kufuta. Miaka minne hujafuta kitu, na Mungu anajua ninavyotamani uanze. Anza na kingine chochote, mwanangu. Hizo mbili zipitishe zilivyo.

Mama yako